Viazi vya jibini na pilipili, moto juu moto chini

Mwezi huu safu yetu inaingia jikoni. Siyo jikoni kwangu Dar es Salaam kwenye oveni ya kubonyeza, bali jikoni kwa mama mkwe wangu, Tarime, kwenye mkaa, sufuria na moshi wa kukutoa machozi.

Nakupa pishi moja la viazi ambalo ukiliweka pembeni ya nyama choma, wageni wataanza kuulizana nyama ilikuwa ya nini. Ila pishi hili lina kisa chake, na kwa kweli kisa ndicho kilichonifanya nikae chini niandike.

Tulisafiri mimi na mume wangu kwenda kuwasalimia wazazi wake. Ukitoka Mwanza unapita Lamadi, Bunda, unavuka Mto Mara pale daraja la Kirumi, halafu barabara inaanza kupanda na hewa inabadilika. Tarime kuna baridi bwana, nyie acheni tu. Mimi mtu wa Tanga nilishuka kwenye basi nikiwa nimejifunga kanga mbili juu ya sweta.

Mkononi nilikuwa na kijibokisi cha barafu, na ndani yake jibini, au chizi kama wengi tunavyoita, nililonunua Dar. Nilishapanga: safari hii mkwe napika chakula ambacho hawajawahi kula, wajue kijana wao hakuokota. Kumbe barafu iliyeyuka tangu siku ya kwanza. Nilipofungua, jibini lilikuwa limetoa mafuta, limelainika na linanuka kama soksi za mwanafunzi wa bweni. Nikalifunga tena kimyakimya.

Sasa sikiliza hapa. Mume wangu ana mdogo wake ambaye ni mpishi katika hoteli ya watalii, wilaya ya jirani ya Serengeti, upande wa Fort Ikoma. Siku hizo alikuwa likizo. Huyu shemeji ndiye aliyenifundisha pishi hili kwa simu, hatua kwa hatua, mwaka mmoja kabla. Viazi vya kuokwa na jibini ndiyo kazi yake ya kila jioni, maana watalii wakirudi kutoka kutazama nyumbu wanataka nyama na kiazi chao.

Nikamwambia, "Shemeji, kesho tunapika wote."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Shemeji, kule ni kazi. Hapa ni nyumbani."

Nikamgeukia mume wangu anitetee. Huyu ni mwanaume ambaye Dar ndiye anayemenya vitunguu huku akilia, ndiye anayejua chumvi iko kopo gani. Pale nyumbani kwao akaangalia pembeni, akaanza kuongelea bei ya ng'ombe na binamu zake. Yaani ghafla akawa hajui hata jiko linakaa wapi!

Usiku tuligombana. Kwa kunong'ona, si unajua nyumba ya wakwe haina siri. Nikamwambia naona nimeolewa na wanaume wawili, mmoja wa Dar, mwingine wa Tarime, na huyu wa Tarime sijamzoea. Akaniambia simwelewi, kwamba binamu zake wakimkuta jikoni watamtania hadi siku ya mazishi yake. Nikamuuliza, "Kwa hiyo mimi nikicheka nao itakuwaje?" Tukalala tumepeana migongo, kila mtu na blanketi lake.

Usinielewe vibaya. Siwasemi Wakurya. Kwetu pwani, harusi ikifika, wanaume ndio wanaosimamia sufuria za pilau, na watu wanawasifu. Shughuli ikiisha, mwanaume yule yule nyumbani kwake anaomba maji ya kunywa akiwa amekaa hatua mbili kutoka mtungini. Tatizo ni letu sote. Mwanaume akipika kwa mshahara au kwa sifa, ni fundi. Akimpikia mama yake, eti amerogwa.

Asubuhi nikamweleza mama mkwe habari ya jibini lililoharibika. Akauliza, "Hicho kitu kinatengenezwa na nini?" Nikamwambia maziwa. Akanyanyuka bila neno, akarudi na lita mbili za maziwa ya asubuhi, yale ambayo huwa anauza kwa jirani. Nilijua ni hela yake. Nikaona aibu, lakini ukipewa na mkwe hukatai.

Hapo ndipo jibini la nyumbani linapoingia, na wewe uliye mbali na supamaketi zingatia. Chemsha lita 2 za maziwa mpaka yapande sawasawa. Usifanye mchezo na maziwa ambayo hayajachemka, yanaweza kukuletea homa ya kutoka kwa ng'ombe inayokaa miezi. Epua, mimina maji ya limau vijiko 4 vya chakula, koroga taratibu, uache dakika 10. Utaona mabonge meupe yanajitenga na maji ya kijanikijani. Kama hayajajitenga, ongeza kijiko kimoja cha limau. Chuja kwa kitambaa safi, suuza na maji baridi kuondoa uchachu, kamua, kisha ning'iniza saa moja. Utapata takriban gramu 300 za jibini laini.

Mimi kwa ujuaji wangu nikawa nataka kulipanga jibini lile juu ya viazi ili liyeyuke na kuvutika kama kwenye picha za magazeti. Shemeji alikuwa amekaa nje ya mlango na gazeti, anajifanya anasoma. Mara nikasikia, "Shemeji, hilo haliyeyuki."

Nikajifanya sijasikia. Nikaendelea kupanga.

"Shemeji, nakwambia haliyeyuki. Jibini la limau hata ulichome linabaki hivyo hivyo. Litakauka kama chaki!"

Nikamwambia, "Basi njoo uniokoe." Kimya. Nikachukua bonge jingine. Jamani, nilisikia kiti kinasukumwa. Akaingia, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama daktari, akanipokonya mwiko. Nadhani hakuamua. Fundi yeyote hawezi kukaa akitazama kazi yake inaharibiwa.

Haya, chukua kalamu. Hii ni ya watu wanne, au wawili wenye njaa ya safari.

Mahitaji: viazi mviringo vikubwa 6, kama kilo moja hivi, jibini gramu 200, samli au siagi vijiko 2 vya chakula, maziwa ya moto nusu kikombe, kitunguu maji 1, vitunguu saumu punje 3, pilipili hoho 1, pilipili mbuzi 1, binzari nyembamba ya kusaga nusu kijiko cha chai, yai 1, chumvi na pilipili manga.

Chagua viazi vikavu, vigumu, visivyo na rangi ya kijani. Kile cha kijani kilikaa kwenye mwanga na kimetengeneza sumu, hivyo kata sehemu hiyo yote, na kama kimeenea kitupe. Osha kwa brashi, usimenye, maana ganda ndilo bakuli letu. Chemsha kwenye maji ya chumvi dakika 20 hadi 25, mpaka kisu kiingie bila ubishi. Epua na uviache vikauke mvuke.

Kata kila kiazi katikati kwa urefu. Chota nyama ya ndani kwa kijiko, ukiacha ukuta mwembamba wa nusu sentimita ili kisipasuke. Kaanga kitunguu, saumu na hoho kwenye samli mpaka vilainike, tia binzari, kisha pilipili mbuzi iliyokatwa ndogo sana. Changanya na ile nyama ya kiazi, ponda, ongeza maziwa ya moto, chumvi, na nusu ya jibini. Rudisha kwenye maganda, rundika kidogo juu.

Sasa juu. Kama una jibini gumu la dukani, likwangue na ulinyunyize tu, litayeyuka lenyewe. Kama ni la limau, fanya alivyofanya shemeji: lisage kwa uma, changanya na yai lililopigwa na vijiko 2 vya maziwa, paka juu ya kila kiazi. Yai ndilo litakaloshika na kuleta rangi ya dhahabu.

Mwenye oveni aweke nyuzi 200 za Selsiasi, dakika 20. Asiye nayo afanye kama sisi. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini, weka vijiwe vitatu, juu yake sahani ya bati yenye viazi. Funika kwa mfuniko bapa. Chini weka mkaa kidogo tu, juu ya mfuniko mkaa mwingi. Ndivyo mama zetu walivyotuokea keki za sikukuu. Kosa la wengi ni kujaza moto chini, kiazi kinaungua tumbo na juu bado kibichi. Baada ya dakika 15 chungulia. Ukisikia harufu kama ya mkate uliobanikwa, uko karibu.

Na pilipili ikikuzidi usikimbilie maji, yanaitembeza tu mdomoni. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, na protini ya maziwa huubeba. Kunywa maziwa au mtindi. Ndiyo maana jibini na pilipili ni ndoa inayodumu: mmoja anachoma, mwingine anapoza.

Tuendelee. Shemeji alikuwa ameinama anapuliza mkaa wa juu wakati mama mkwe alipoingia. Sote tukasimama kimya. Binamu mmoja akachungulia, akapiga mluzi. Mama akamtazama mara moja tu, binamu akapotea. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akamtazama mwanawe akifanya kazi. Hakusema kitu mpaka mfuniko ulipofunguliwa na ule moshi mtamu ukajaa jikoni.

Alikula kiazi cha kwanza taratibu, kwa vidole. Cha pili akakikata nusu, akaitazama ile sehemu ya juu iliyokuwa dhahabu.

"Hivi ndivyo unavyowapikia wale Wazungu?"

"Ndiyo mama."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Akanyamaza. Halafu akasema polepole, "Miaka saba uko kule. Watu waliotoka ng'ambo wote wamekula mkono wako. Mimi niliyekuzaa ndiyo leo."

Hakuna aliyejibu. Shemeji aligeuka kushughulika na mkaa ambao ulishazimika. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, ameshika sahani yake kama mtoto aliyetumwa. Aliponiangalia, mimi ndiye niliyetazama chini, maana hasira yangu ya usiku ilikuwa imeshuka na nilikuwa nimebaki na huzuni tu.

Ningependa kukwambia kwamba kuanzia siku ile ukoo mzima ulibadilika. Haukubadilika. Jioni wanaume walikaa kwao, sisi kwetu, na vyombo niliosha na wifi yangu. Ila asubuhi ya kuondoka, saa kumi na moja na nusu, nilishtuka mume wangu hayupo kitandani. Nikamkuta jikoni anawasha jiko la chai ya mama yake. Alikuwa amefunga mlango na komeo, binamu wasimwone. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akasema, "Nyamaza, utaamsha watu." Nikanyamaza. Hatua ni hatua, hata kama imefungiwa mlango.

Njiani, tulipovuka tena Kirumi, aliniambia kumbe hata yeye hajawahi kumpikia mama yake hata uji. Sikumjibu kwa hotuba. Niliegemea bega lake nikalala.

Sasa wewe msomaji wangu, kabla hujaenda sokoni, jiulize: kwenye familia yako ni nani ambaye hajawahi kula mkono wako? Na wenzi wawili mnaokwenda kwa wakwe, ongeeni kabla ya safari, siyo usiku wa pili kwa kunong'ona. Muulizane: nyumbani kwenu utakuwa nani, na mimi nitakuwa nani? Usimlazimishe mwenzio kupigana na ukoo wake wote kwa siku moja. Lakini naye asikugeuke kama vile hamjuani. Muafaka mdogo unatosha: leo atawasha mkaa, keshokutwa atamenya kitunguu. Moto ukiwekwa wote upande mmoja, kiazi kinaungua tumbo na juu bado kibichi.

Jaribu pishi hili wikiendi hii, mkiwa wawili, mmoja chini ya sufuria na mwingine juu ya mfuniko. Mkifanikiwa, mfungieni mama kiazi kimoja kwenye kontena.

Tukutane mwezi ujao, mkipendana.