Mikro ya zamani ao vidole vya mupigaji?

Vijana wa orkestre yetu hapa Kindu wanaomba mchango wa sendika wanunue mikro za « vintage » kwa gitare basi. Bila hizo, wanasema, sauti haiko ya kweli. Sisi tunakataa.

Mikro ni sumaku na uzi wa shaba wenye kuzungushwa mara maelfu. Leo Fender alitoa basi ya Precision mu 1951, mu 1957 akabadilisha mikro yake. Ndiyo hiyo wanaiga leo. Tofauti iko, lakini ni kidogo. Mu dansi, ngoma na gitare zikilia, nani ataisikia? Kamba mpya na vidole vinasikilika zaidi.

Konono N°1 ya Kinshasa walijitengenezea mikro za likembe na sumaku za motokari zilizokufa, na Ulaya ikacheza. Nani aliwauliza sumaku ni ya mwaka gani?

Hata etani ya kubandikia nyuzi za mikro inatoka mu kasiterite, mawe yenye tunachimba. Tunaiuza rahisi, inaturudilia ghali. Franga ya mchango ni jasho, ni ya wagonjwa na wajane. Tununue kamba, yenye kubaki ikae mu kese.