Ujizawadie, Atandike Nani?

Siku hizi kijiweni kwetu limeingia neno jipya. Zamani kijana wa mjini akipata mshiko kidogo alisema "nimejikwamua." Leo anasema "nimejizawadia." Amejizawadia viatu, amejizawadia simu, na mwenye ndoto ndefu anasema ipo siku atajizawadia chumba cha kifahari kwenye meli ya kitalii, vile vyumba ambavyo wenyewe wanaviita "swiiti", vyenye roshani juu ya bahari na mhudumu wa kukufungulia mlango. Mwenzetu mmoja, tena mwandishi chipukizi kama mimi, amekwenda mbali zaidi. Anasema fasihi yetu imechosha kwa kulialia. Eti imejaa njaa, daladala na vyoo vya shimo. Eti wakati umefika kijana mwandishi apande meli, alale swiiti, aandike raha.

Nataka kumjibu, na nitamjibu bila kumung'unya maneno. Hakuna mtu anayejizawadia chumba cha melini. Chumba kile unapewa, na anayekupa hatajwi jina. Mwandishi anayeingia humo akajifanya hamwoni huyo anayempa, basi ajue ameacha kazi ya uandishi, ameshika kazi ya matangazo.

Kwanza tuelewane. Sisemi raha ni dhambi. Mama aliyeuza vitumbua miaka thelathini, akasomesha watoto kwa moshi na mafuta ya kurukia mikono, akitaka wiki moja tu alale kwenye kitanda laini asiamshwe na jogoo wala mwenye nyumba, mimi ni nani nimwambie hapana? Nani kasema maskini kazaliwa kwa ajili ya mkeka? Tena nimegundua kwamba wanaopenda kumkataza maskini raha ni watu walioshiba. Kwa hiyo mwenzangu asinikimbilie na hoja ya wivu. Hiyo tumeifunga.

Hebu tuitazame bidhaa yenyewe. Ni nini hasa kinachouzwa?

Mwaka 2016 ilizinduliwa meli iitwayo Seven Seas Explorer. Chumba chake kikubwa kuliko vyote kiliuzwa kwa takriban dola 10,000 kwa usiku mmoja, na sebuleni mna piano ya Steinway. Januari 2024 ikaanza safari kutoka Miami meli ya Icon of the Seas, yenye urefu wa mita 365 na ghorofa 20. Humo mna "nyumba" ya ghorofa tatu ndani ya meli, na watoto wakitaka kushuka wanateleza kwa bembea la mtelezo, ngazi za nini? Kampuni ya Norwegian nayo ina sehemu inaitwa The Haven. Ni meli ndani ya meli: wenye swiiti wana bwawa lao, mgahawa wao, mhudumu wao, na mlango unaofunguka kwa kadi waliyo nayo wao tu.

Sasa niambie, ndugu msomaji. Bahari si ni ileile? Jua linalozama mbele ya roshani ya dola 10,000 si ndilo linalozama mbele ya yule aliyelipa kidogo akasimama ukingoni na wenzake? Upepo haukati tiketi. Kama ni bahari, wote wameipata. Kilichobaki kuuzwa ni ukuta. Mwenye swiiti ananunua uhakika kwamba abiria wa chumba cha bei ya chini hataogelea naye, hatakula naye, hatakutana naye kwenye ngazi. Ndiyo maana nacheka nikisikia swiiti ni "uhuru". Uhuru gani huo unaohitaji kadi ya mlango?

Na huo ni ukuta wa kati ya abiria na abiria. Ukuta mnene zaidi uko chini.

Icon of the Seas ina wafanyakazi wapatao 2,350. Hao hawana roshani. Kwenye meli kubwa za kitalii wafanyakazi wengi hulala ghorofa za chini, wawili wawili au zaidi, wengine usawa wa maji au chini yake, ambako dirisha halina kazi. Kwenye meli nyingi zinazotoka Marekani kuna korido ndefu ya wafanyakazi, inakwenda toka omo hadi shetri, na wenyewe wameibatiza I-95, jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki ya nchi ile. Humo ndimo zinamopita shuka, sinia, ndoo, takataka na watu. Abiria haioni hata siku moja. Meli imechorwa makusudi ili asiione.

Wanafanya kazi saa ngapi? Upo Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013. Nchi ikiamua kuhesabu saa za mapumziko, mkataba unataka baharia apate angalau saa 10 kwa siku na saa 77 kwa wiki. Piga hesabu ya darasa la nne: wiki ina saa 168, toa 77, zinabaki 91. Saa 91 za kazi ndani ya wiki moja, na hakuna sheria iliyovunjwa! Hapo ni pale mwajiri anapofuata sheria.

Na sheria yenyewe ya nani? Meli yenye mabosi Miami inapeperusha bendera ya Bahamas au ya Panama. Kampuni ya Royal Caribbean imeandikishwa Liberia. Carnival iliandikishwa Panama. Sungura wa hadithi za bibi alikuwa mjanja, lakini hakuwahi kuwa na makao Miami, cheti Monrovia na bendera Nassau kwa mpigo mmoja.

Mtaani kwetu Keko yupo jamaa mmoja aliyefanya kazi ya kutandika vyumba kwenye meli hizi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, kwa hiyo nilimwomba anieleze. Kabla hajaiona meli, wakala mmoja wa mjini alimkamua ada ya "kushughulikia nafasi". Mama yake akauza kiwanja. Mkataba ule nilioutaja unakataza kabisa baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anaweza kulipia pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha afya, basi. Kenya imeuridhia mwaka 2014, Tanzania 2019. Wakala hakumwambia hilo, na yeye angelijulia wapi? Laiti kungekuwa na mwandishi aliyeliandika kwa Kiswahili kinachosomeka!

Huko melini alifunzwa kukunja taulo zikawa wanyama. Kila jioni anaacha mnyama kitandani: leo tembo, kesho bata mzinga, keshokutwa nyani anayening'inia. Wageni wakirudi wanafurahi, wanampiga picha tembo. Miezi minane jamaa katengeneza tembo, na kwa kumbukumbu yake hakuna aliyempiga picha yeye. Nikamuuliza kama aliumia. Akanijibu, "We nawe, nani ana muda wa kuumia? Nilikuwa na vyumba vingine vinanisubiri."

Nimelikumbuka jibu hilo kila nikisikia neno "kujizawadia". Tembo hakujikunja.

Najua hoja itakayofuata, maana kijiweni nimeshapigwa nayo: "Bila matajiri kulala swiiti, huyo jamaa yako angekula wapi?" Ni hoja nzito, siipuuzi. Jamaa kajenga vyumba vitatu Mbagala kwa pesa ya meli, na kiwanja cha mama kimerudi kwa namna nyingine. Mimi sitaki meli zifungiwe. Zije tu, zitie nanga Mombasa na Zanzibar, watu wauze vinyago na viungo. Lakini tangu lini kula kukawa sababu ya kunyamaza? Mkulima wa mkonge naye alikula. Kuli wa bandarini naye alikula. Waliandikwa, wakaimbwa, wakagoma, na hakuna aliyewaambia wafunge midomo kwa vile wana ugali. Kwa nini mtandika vitanda wa baharini apewe mshahara halafu anyang'anywe hadithi?

Tena usidhani ukuta ule ni wa starehe tu. Siku ya shida ndipo unapoona kazi yake. Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, kwa ajili ya UVIKO. Ilikuwa na watu 3,711, na kati yao wafanyakazi walikuwa 1,045. Abiria wakaamriwa wabaki vyumbani. Mwenye roshani alifungua mlango akavuta hewa. Mwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha alingoja zamu yake ya kutolewa sitahani. Na wafanyakazi? Waliendelea kupika na kupeleka sinia mlango hadi mlango, kisha wakarudi kula pamoja na kulala chumba kimoja na wenzao. Watu 712 waliambukizwa. Virusi havisomi tiketi, lakini meli ilikuwa imeshawapanga watu kwa tiketi kabla virusi havijapanda.

Sisi wa miji ya pwani meli tunaijua kitambo. Miaka ya 1990 ndoto ya masela wengi wa Dar, Tanga na Mombasa ilikuwa kuzamia. Unajipenyeza usiku, unajificha kwenye tundu lolote, ukiwa na biskuti na dumu la maji, unamwachia Mungu. Wengine walifika majuu. Wengine hawakufika popote. Mwaka 1992, kwenye meli ya mizigo MC Ruby iliyotoka Afrika Magharibi, mabaharia waliwaua wazamiaji wanane wa Kiafrika. Akasalimika mmoja tu, Mghana Kingsley Ofosu, akashuka Ufaransa akasema yote. Leo ndoto imepanda ngazi, kutoka tundu la kujificha hadi swiiti. Sawa. Lakini meli ni ileile, na tundu bado liko chini, lina watu.

Sasa narudi kwa mwenzangu mwandishi, kwa maana ugomvi wangu ni naye hasa.

Anadhani yeye ndiye wa kwanza kutaka kuandika raha ya meli. Walishamtangulia. Mmarekani Frank Conroy hakuwa mtu mdogo: kitabu chake cha maisha yake, cha mwaka 1967, kinaheshimiwa hadi leo, na aliongoza chuo maarufu cha waandishi huko Iowa. Kampuni moja ya meli za kitalii ikampa safari na malipo, naye akaandika insha tamu ya kuisifu, ikachapwa ndani ya kijitabu cha matangazo cha kampuni kana kwamba ni insha ya kawaida. Mwandishi mwingine wa huko, David Foster Wallace, alitumwa na jarida la Harper's mwaka 1995 kwenye meli ya kampuni hiyohiyo, gharama zikawa za jarida. Insha yake ikatoka mwaka 1996, ndefu, ya kuchekesha na ya kusikitisha. Humo alimuumbua Conroy, na Conroy mwenyewe, kwa taarifa ya Wallace, hakujitetea. Alikubali kwamba alijiuza.

Oneni tofauti hiyo, wenzangu. Wote wawili walilala melini, wote walikula. Mmoja alikuwa na deni kwa msomaji, mwingine kwa mwenye meli. Msomaji akishagundua kwamba sifa zako zimelipiwa, hata siku utakayosifu maji ya dafu kwa moyo safi atakuuliza nani kakutuma.

Na sisi ambao bado tunachapa kwa kuchangishana, tunaogawana nakala mkono kwa mkono, kitu gani tunacho zaidi ya kuaminiwa? Vyeo hatuna. Tuzo hatuna. Wakala wa safari akija kesho na tiketi ya bure mkononi, hiyo imani ndiyo atakayoinunua, na ataipata kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo mwenzangu, nenda. Ukipata pesa yako, panda meli, lala swiiti, oga maji ya moto hadi vidole vikunjamane. Andika raha, nami nitakuwa wa kwanza kununua nakala. Fasihi yetu inahitaji vicheko, hapo sina ubishi na wewe. Ila uiandike raha nzima. Utuambie aliyekunja tembo anaitwa nani, ametoka Mombasa au Manila, kalipa nini kumfikia wakala, na analala ghorofa ya ngapi. Uulize saa anazofanya kazi. Ukishindwa kuuliza kwa sababu utaiharibu likizo yako, basi likizo hiyo usituletee kama fasihi.

Huo ndio msimamo wangu. Mwenye la kujibu na ajibu, kurasa zipo.