Ndege 208 na Mlima wa Nikeli

Kinyozi wangu wa Bwera, kijana ambaye hanyoi kimya hata dakika moja, amepata shujaa mpya. Ni Mjerumani. Anaitwa Heinrich Ehrler, rubani wa ndege za kivita aliyepigana kaskazini kabisa mwa dunia, kule Ufini na Norwei, katika Vita vya Pili vya Dunia. Kijana amemwona kwenye simu, katika zile video ndefu zenye muziki wa huzuni, na hesabu yake anaijua kwa moyo: ndege 208. "Mwalimu, mia mbili na nane!" ananiambia, mashine ikiwa nyuma ya sikio langu, mahali ambapo mtu hathubutu kubisha sana. "Huyo hakuwa na habari na Hitler. Alikuwa mtu wa kazi yake. Hodari ni hodari."

Sikubisha pale kwenye kiti. Nabisha hapa.

Maneno hayo si yake peke yake. Nimeyasikia Kasese mjini kwa watu wenye shahada, na Wazungu wenyewe wameyaandikia vitabu vya kujaza rafu: kwamba vita vya angani vilikuwa vita safi, mtu kwa mtu, na kwamba marubani wa Hitler walikuwa waungwana ambao bahati mbaya tu iliwafanya wazaliwe upande wa serikali mbaya. Ni hadithi tamu, na ni ya uongo. Sisi tunaoishi chini ya Rwenzori tulipaswa kuwa wa mwisho kuimeza.

Tuanze na hiyo 208. Ni ndege alizodai mwenyewe, wakubwa wake wakakubali. Kudai na kuangusha ni vitu viwili, na hilo si kosa la Wajerumani tu. Tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walitangaza kwamba wameangusha ndege 185 za adui kwa siku moja. Daftari za Wajerumani zilipofunguliwa baada ya vita zikaonyesha kama 60. Mtu anakwenda kilomita 500 kwa saa, anaona moshi, anaona ndege imezama mawinguni, wenzake wawili nao wameipiga, na kila mmoja anarudi nayo nyumbani ikiwa yake. Muulize mvuvi yeyote wa Ziwa Edward ukubwa wa samaki aliyekata nyavu.

Hata tukimpa zote, bado hesabu hiyo inasema habari za serikali yake kuliko habari zake. Rubani wa Kiingereza au wa Kimarekani alimaliza zamu yake, akarudishwa nyuma kufundisha wageni. Mjerumani alirushwa na kurushwa tena mpaka afe, au atekwe, au vita viishe. Ndiyo maana wachache waliosalia walikuwa na mamia ya ndege, na nyuma yao wakaletwa vijana wenye mafunzo ya kubabaisha waliokufa kabla hata hawajaizoea ndege. Ukiona hesabu kubwa namna hiyo, ujue kuna mtu aliyekuwa akiwatia marubani motoni kama kuni.

Sasa niulize jambo ambalo video haigusi. Huyu bwana alikuwa anafanya nini huko kwenye barafu?

Kikosi chake kiliitwa Jagdgeschwader 5, jina la utani Eismeer, yaani Bahari ya Barafu. Kazi yake ilikuwa pembe ile ambapo Norwei, Ufini na Urusi zinakutana. Pana giza miezi miwili mfululizo, na mafuta ya injini huganda. Hakuna anayepeleka jeshi mahali kama hapo kwa kupenda mandhari. Kulikuwa na bandari ya Murmansk, ambako meli za Waingereza na Wamarekani zilipitishia Warusi vifaru, ndege na chakula. Na kulikuwa na Petsamo, wakati huo sehemu ya Ufini, yenye mlima wa nikeli. Nikeli ndiyo inayoongezwa kwenye chuma ili bamba la kifaru lisipasuke likipigwa. Bila Petsamo Hitler angepata shida ya kutengeneza silaha, na alilijua hilo. Jirani yake, Kirkenes upande wa Norwei, palikuwa na machimbo ya chuma. Tarehe 29 Juni 1941 Wajerumani walitoka Petsamo kwenda kuiteka Murmansk, wakakwama kwenye mto Litsa, wakakaa hapo miaka mitatu. Juu ya vichwa vyao ndipo Ehrler na wenzake, akina Theodor Weissenberger na Walter Schuck, walipojipatia nishani shingoni.

Walikuwa askari wa geti la mgodi. Geti lao lilikuwa angani, basi.

Mtu wa Kilembe hahitaji profesa wa kumfafanulia hili. Tunajua kinachotokea mlima ukisemekana una kitu ndani yake. Reli ilifika Kasese 1956 kwa sababu ya shaba ya Kilembe, haikuja kutuamkia. Shaba ilipanda treni kwenda kuyeyushwa Jinja, na kwa miaka kadhaa ikawa inafuata kahawa na pamba katika kuiletea Uganda fedha za kigeni. Kilichobaki huku kilikuwa lundo la mabaki yenye kobalti, ambalo maji yake ya tindikali yaliteremka na kuunguza majani mpaka ndani ya mbuga. Wenye mgodi walikuwa Wakanada, kwanza Frobisher, kisha Falconbridge. Hapa msomaji akae vizuri: Falconbridge hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na kiwanda cha kusafishia nikeli mjini Kristiansand, Norwei, tangu 1929, na Wajerumani walipoivamia nchi hiyo Aprili 1940 wakakitia mkononi. Dunia ya madini ni ndogo kama Mpondwe siku ya soko. Ukikanyaga mguu wa mtu, ni wa jamaa yako.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Ehrler "hakuwa na habari", namuuliza: kwani hakuangalia chini? Wajerumani walipeleka Norwei mateka wa Kirusi wapatao 100,000, wakawatumikisha kwenye barabara, reli na viwanja vya ndege. Zaidi ya 13,000 walikufa kwa njaa, baridi, magonjwa na risasi. Rubani hakai mawinguni. Hukaa saa moja huko, halafu anashuka, anakula, analala, anatembea kwenye njia ambayo mtu fulani ameizoa theluji. Tarehe 28 Oktoba 1944, Warusi wakiwa wamekwisha kuivunja ngome ya Petsamo, Hitler aliamuru watu wote wa Finnmark waondolewe na nyumba zao zichomwe moto. Watu kama 50,000 walisukumwa kusini, wengine wakakimbilia mapangoni na kwenye vibanda vya nyasi majira ya baridi yakiingia. Ehrler hakuwasha kiberiti. Lakini tangu Agosti mwaka huo yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kikosi kizima, na moshi wa mkoa mzima hauhitaji darubini.

Wanaompenda wana karata moja kubwa, nami siifichi. Tarehe 12 Novemba 1944 ndege za Lancaster za Waingereza zilifika Tromsø na mabomu ya tani tano tano, zikaipindua Tirpitz, manowari kubwa kuliko zote walizobaki nazo Wajerumani. Ndege za Ehrler zilikuwa Bardufoss, mwendo wa dakika chache tu kwa ndege, na hazikufika kwa wakati. Taarifa zilikuwa zimechanganyika, na marubani hawakuwa wameelezwa vizuri kwamba manowari imehamishwa. Lazima apatikane wa kubeba lawama, akapatikana yeye. Mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifungo cha zaidi ya miaka mitatu. Baadaye wakamtoa, wakamtupa Ujerumani kurusha ndege mpya za jeti, na tarehe 4 Aprili 1945 akafa akishambulia ndege za mabomu za Wamarekani. Zilibaki siku 34 vita viishe.

Hapo muziki wa huzuni hupandishwa sauti, na kinyozi wangu huzima mashine kidogo kwa heshima. Nami nakubali alionewa. Ila tazama jinsi kisa kinavyosimuliwa. Ndani ya Tirpitz walikufa mabaharia karibu 1,000. Manowari ilipinduka tumbo juu, na waliokuwa nje walisikia wenzao wakigonga chuma kutoka ndani. Wakakata tundu kwa moto wa gesi, wakawatoa watu wapatao 80. Waliosalia waliendelea kugonga mpaka wakanyamaza. Hakuna video ya muziki kwa ajili yao. Kilio chote amepewa mtu mmoja kwa sababu alikuwa na namba.

Kuna karata ya pili, ndogo, ambayo hutupwa mezani mahususi kwa ajili yetu Waafrika. Watakwambia habari za Hans-Joachim Marseille, rubani mwingine wa Hitler, aliyepigana jangwani Afrika Kaskazini, kwamba alikuwa na "rafiki" mweusi: koplo Mathew Letulu wa Afrika Kusini, aliyetekwa Tobruk Juni 1942. Mateka yule alimfulia nguo na kumtayarishia vinywaji. Huenda walipendana kweli. Binadamu ni binadamu hata akiwa amefungwa. Lakini rafiki ambaye hana ruhusa ya kuondoka, Kiswahili kina jina lake, na jina hilo si rafiki. Na maadamu tumegusa weusi: mafundi waliotengeneza ndege hizo usiku, vidole vikiganda kwenye spana, Wajerumani waliwaita "watu weusi" kwa sababu ya ovaroli zao. Walikuwa Wajerumani weupe kabisa. Hata wao hawana namba.

Nisieleweke vibaya. Sisemi Ehrler alikuwa mwoga. Kupanda ndege ya injini moja juu ya bahari ambayo ukianguka una dakika chache za kuishi si mchezo, na mimi bodaboda tu ikiteremka kwa kasi kutoka Kilembe nafumba macho. Ninachosema ni kwamba ujasiri ni kama panga. Panga kali halitoi habari kama limekata mkungu wa ndizi au shingo, na anayeuliza makali tu bila kuuliza limekata nini, huyo anauza mapanga.

Na tabia hii ya kumpima mtu kwa namba tumeshaionja wenyewe. Idi Amin alijitundikia nishani mpaka koti likalemewa, akajipa na vita vya Burma, wakati KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ilimwandikisha 1946, vita vimekwisha mwaka mzima. Wazee waliokwenda Burma kweli, waliopita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na malaria pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, hao waliporudi walisimulia matope na wenzao waliozikwa njiani. Sijamsikia mzee hata mmoja akitaja aliua wangapi.

Huku kwetu hesabu hufanywa kutoka chini. Novemba 1996 waasi wa ADF walipovuka mpaka na kushambulia Mpondwe, Bwera ilimwagika barabarani na magodoro kichwani. Novemba 2016, baada ya mapigano na shambulio la jeshi kwenye kasri la Omusinga, mfalme wa Rwenzururu, mjini Kasese, idadi ya wafu iliyotangazwa ilianza ndogo, ikapanda, ikapanda tena, na Human Rights Watch wakafikisha zaidi ya 150. Juni 2023, katika sekondari ya Lhubiriha, waliuawa wanafunzi 37. Hizo ndizo namba tunazozijua kwa moyo, na kila moja ni ya walioanguka. Siku ya matanga hakuna aliyewahi kuuliza ni nani kati ya waliofyatua risasi aliyepata nyingi zaidi. Mtu akithubutu kuuliza hilo pale kwenye turubai, atatolewa kwa mateke. Sasa nashangaa: swali ambalo tungempigia mtu mateke Bwera, kwa nini tunalilipia bando la intaneti likiulizwa kuhusu Murmansk?

Ndani ya zile 208 kulikuwa na Warusi, vijana wenye umri wa kinyozi wangu, wengi wao ndani ya ndege walizokuwa wameanza kuzijua wiki chache nyuma, wakilinda ardhi yao isigeuzwe njia ya nikeli. Kila mmoja alikuwa na mama yake mahali fulani.

Wiki iliyopita nilirudi kunyolewa na nikamwambia haya yote, kwa ufupi, nikiwa nimehakikisha kwanza amemaliza upande wa masikio. Akanisikiliza. Akasema sawa Mwalimu, lakini mtu lazima awe na shujaa. Nikamuuliza kuhusu babu yake, ambaye najua alifanya kazi Kilembe chini ya ardhi enzi za Wakanada. Alikaa huko miaka mingapi? Alikuwa akichimba, au akisukuma magari ya mawe? Mashine ikaendelea kulia hewani bila kugusa nywele. Hakujua. Hata kifua kile kilichomsumbua mzee mpaka mwisho, hakujua kilianza lini.

Alinipangusa shingo kwa kitambaa, akapokea shilingi zake, akasema Jumapili atapanda mlimani akamuulize bibi.