Majibu ya udongo yaandikwe kwa mifuko

Mkulima wa mpunga wa Ndungu, wilayani Same, akipimiwa udongo hurudishiwa karatasi yenye pH, EC, N, P na K, kila herufi na desimali zake. Asipopata wa kumsomea, huikunja na kuiweka, na msimu ukifika hununua mbolea ileile aliyonunua jirani. Lawama si ya mkulima. Ni ya huduma inayoishia njiani.

Skimu ya Ndungu ina hekta 680 na inakunywa maji ya Mto Yongoma. Maji ya mfereji huja na chumvi; jua la tambarare ya Same hukausha maji na kuiacha chumvi ardhini. Kwa hiyo huku bondeni macho yaanzie kwenye pH na EC, ndipo yaende kwenye naitrojeni. EC ndiyo kipimo cha chumvi: ikizidi 3 dS/m, mavuno ya mpunga huanza kupungua. pH ikizidi 8.5, shuku magadi. Urea ikirushwa juu ya udongo wa namna hiyo, sehemu yake huondoka hewani kama gesi ya amonia, na fedha huondoka nayo. Dawa ya magadi ni jasi, pamoja na maji ya kuusuuza udongo na mfereji wazi wa kuyatoa. Mfereji ukiziba, jasi haifui dafu. Nayo jasi inachimbwa Makanya, wilaya hii hii!

Mlimani kwa wakulima wa tangawizi mambo hugeuka. Mvua nyingi husafisha chokaa na kuacha tindikali. pH ikishuka chini ya 5.5, fosforasi hufungwa udongoni, na chokaa na samadi hutangulia. Mbolea ya fosforasi ya Minjingu huyeyuka vizuri kwenye tindikali. Kwenye magadi haiyeyuki. Ushauri mmoja kwa wilaya nzima, basi, hauwezi kuwa sahihi.

Halafu kuna hesabu. Karatasi ikishauri kilo 80 za naitrojeni kwa hekta, mkulima afanyeje? Yeye analima kwa ekari na kununua kwa mfuko. Hekta ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo ekari inahitaji kilo 32. Mfuko wa DAP wa kilo 50 aliopandia umekwisha kutoa kilo 9. Zimebaki 23, na hizo ndizo zilizomo katika mfuko mmoja wa urea wa kilo 50. Jibu zima ni mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa urea. Kuliandika ni kazi ya dakika mbili.

Mwaka 2022 serikali ilileta ruzuku ya mbolea na kugawa vifaa vya kupimia udongo kwa maafisa ugani. Ni hatua kubwa, na tunaipongeza. Lakini ruzuku inayonunua mbolea isiyofaa shamba ni hasara ya mkulima na ya Hazina pia.

Tunaiomba Halmashauri ya Same isitoe karatasi ya majibu bila mistari mitatu ya Kiswahili: mbolea gani, mifuko mingapi kwa ekari, na iwekwe lini. Nawe mkulima, ukipewa majibu, usiondoke mpaka bwana shamba au bibi shamba akuandikie hiyo mistari mitatu.