Takrima, Wafadhili wa Vyama na Amana ya Kura

Miongoni mwa maneno mema yaliyoharibiwa na siasa zetu ni takrima, ambayo asili yake ni kumkirimu mgeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikamruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaibatilisha ruhusa hiyo kwa kuwa inakiuka Katiba.

Mlango huo ulifungwa, lakini ukabaki mwingine mpana zaidi: chama chenyewe kukirimiwa na makampuni. Januari 2008 ilitangazwa kuwa ukaguzi umebaini shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa makampuni 22 kutoka akaunti ya EPA ya Benki Kuu, katika mwaka wa fedha 2005/06. Wapinzani, akiwemo Dkt. Wilbrod Slaa wa Karatu, wilaya iliyomegwa kutoka Mbulu, walidai kuwa sehemu ya fedha hizo iligharimia kampeni za 2005. Chama tawala kilikanusha.

Oktoba 2012 Frederick Sumaye, Waziri Mkuu mstaafu aliyekuwa mbunge wa Hanang kwa miaka 20, alishindwa wilayani humo katika uchaguzi wa ndani ya CCM, akalalamika hadharani kuwa fedha zimetawala chaguzi za chama. Ikiwa mtu wa daraja hiyo analalamika, mfugaji wa Basotu au mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu atasikilizwa wapi?

Ufadhili si fedha tu. Uingereza, kabla ya uchaguzi wa 2015, kampuni ya PricewaterhouseCoopers ilikiazima chama cha Labour wataalamu wake wasaidie kuandaa sera. Mshahara unatoka kwa kampuni, ushauri unaingia katika chama.

Waislamu tunakijua kisa cha Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka aliyerejea akidai kuwa sehemu ya mali amepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) akahoji: lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hiyo ingemfikia? Nasi tuhoji vivyo hivyo: lau chama kisingekuwa na uwezo juu ya ardhi, zabuni na kodi, kampuni hiyo ingekichangia?

Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inavitaka vyama vitoe taarifa za michango mikubwa kwa Msajili. Basi tuziulizie. Lakini familia iliyopokea khanga na sukari ya kampeni itapata wapi ulimi wa kuuliza? Tuanzie majumbani mwetu.

Wallahu a'lam.