Wakusanyao Shaba na Kusahau Mizani

Kukusanya sarafu za kale si haramu, wala si upuuzi kama wasemavyo wengine. Sarafu ni shahidi wa zama zake. Lakini shahidi akifungiwa kabatini, akasifiwa sura yake bila ya kuulizwa alichokiona, ushahidi huo una faida gani? Hilo ndilo ninalowalaumia wengi wa wakusanyao shaba za Marekani ya kale, zile zilizopigwa kabla serikali ya nchi hiyo haijaweka sheria ya kiwanda chake cha sarafu mwaka 1792.

Tazama, ndugu msomaji. Mwaka 1737 Samuel Higley wa Connecticut alipiga sarafu za shaba, za kwanza zikiandikwa kuwa thamani yake ni peni tatu. Kisha maneno yakageuzwa, sarafu ikamwambia aishikaye: nithamini upendavyo, na upande wa pili ikajisifu kuwa ni shaba njema. Mkusanyaji huona hapo mzaha mtamu. Kwa hakika ni ungamo: sarafu imeshindwa kusimama juu ya neno lake la kwanza.

Baada ya kujitoa katika mikono ya Waingereza, Connecticut na New Jersey, pamoja na Vermont iliyokuwa bado haijaingia katika Muungano, waliwapa watu binafsi ruhusa ya kupiga shaba. Massachusetts ilizipiga yenyewe mwaka 1787 na 1788, kwa uzito wa haki, ikala hasara, ikaacha. Ama kwa mpigaji binafsi, kila chembe ya shaba iliyopunguzwa ilikuwa faida yake.

Na wengine hawakungoja ruhusa. Thomas Machin alikuwa mhandisi wa jeshi, aliyesaidia kutandaza mnyororo wa chuma kuvuka mto Hudson ili kuzuia meli za mfalme wa Uingereza. Vita vilipokwisha, kiwanda chake karibu na Newburgh kikapiga nusu peni za bandia zenye sura ya mfalme yule yule! Zilikuwa nyepesi, na baadhi yake zikaandikwa miaka iliyokwisha pita ili zidhaniwe kuukuu.

Matokeo yake yalikuwa nini? Shaba mbovu zilijaa masokoni, hata mwaka 1789 watu wa New York wakazikataa na thamani yake ikaporomoka. Tajiri ana fedha na dhahabu, hakuumia sana. Aliyeumia ni kibarua na mchuuzi, ambaye ujira wake wote ulikuwa shaba kiganjani.

Watasema: lau si sisi, habari hizi zingepotea. Haki yao tuwape. Sylvester Crosby alizikusanya habari hizo katika kitabu mwaka 1875, na waliomfuata wakapambanua mihuri ya kupigia, hata shaba za Connecticut peke yake zikahesabiwa aina zaidi ya 300. Hiyo ni elimu. Walakini leo bandia ya Machin inagombewa mnadani, na mwenye kuipata huisifu kwa uadimu wake tu, wala hamtaji aliyedhulumiwa kwayo. Uwongo uliomnyima maskini mkate umekuwa pambo la tajiri. Mwenye kujua tofauti ya mihuri mia tatu, asijue tofauti ya haki na punjo, amejifunza nini?

Nasi wa pwani tusijione tumesalimika. Huenda sandukuni mwa bibi yako imo pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Igeuze, utaona imechorwa mizani. Mtoto akikuuliza, usianze kumwambia itauzwa kwa kiasi gani. Mwambie kwamba wapunjao wametajwa katika Qurani kwa sura yenye jina lao, na kwamba kila sarafu ni ahadi baina ya aitoaye na aipokeaye. Akisha kulifahamu hilo, na azikusanye apendazo.

Wallahu aalam.