Elimu ya mtoto wa mkulima isipimwe kwa lumbesa

Mkulima wa viazi au vitunguu hahitaji kufundishwa hasara ya kipimo kibovu. Anajua kwamba gunia la lumbesa huhesabiwa moja, sawa na gunia lililofungwa kwa uzito halali, na kwamba anayenufaika ni yule anayehesabu magunia badala ya kupima kilo. Kosa la namna hiyo hufanyika pia katika jambo linalommalizia mkulima akiba yake msimu hadi msimu: elimu ya watoto.

Kila mwaka hutolewa takwimu za madarasa yaliyojengwa na wanafunzi walioandikishwa. Ni habari njema, lakini hazijibu swali la mzazi anayeuza ng'ombe ili mtoto aende shule. Je, mtoto wa mtu asiyesoma ana nafasi ya kweli ya kufika mbali, au nafasi yake iliamuliwa siku aliyozaliwa? Wataalamu wa uchumi hulichunguza jambo hilo kwa kulinganisha elimu ya mtoto na ya mzazi wake, kizazi kwa kizazi. Tatizo ni kwamba jibu hutegemea kipimo kinachotumika.

Vipimo viwili, majibu mawili

Tuseme kuna majirani wawili. Mmoja hakusoma kabisa, mwingine alimaliza darasa la saba. Mtoto wa yule wa kwanza akamaliza darasa la saba, na wa yule wa pili akamaliza kidato cha nne. Watoto wote wawili wamewapita wazazi wao. Pengo la miaka saba lililokuwapo kati ya wazazi limebaki miaka minne kati ya watoto. Kwa kipimo hicho kijiji kimepiga hatua.

Lakini ukiwapanga kwenye mstari, mtoto wa asiyesoma bado yuko nyuma, palepale alipokuwa baba yake. Kwa kipimo cha nafasi, hakuna kilichobadilika.

Mfano huo hauko mbali na hali halisi. Mwaka 2007 Tom Hertz na wenzake walichapisha utafiti wa nchi 42 uliofuatilia kipindi cha miaka 50. Waligundua kuwa faida ambayo mtoto huipata kwa kila mwaka wa shule wa mzazi wake ilikuwa imepungua sana. Hata hivyo, uhusiano kati ya elimu ya mzazi na ya mtoto, unaopimwa kuanzia 0 ambapo mzazi hana athari yoyote hadi 1 ambapo kila kitu kimeshaamuliwa, ulibaki kwenye wastani wa takriban 0.4 kwa muda wote huo. Katika nchi za Amerika ya Kilatini ulifikia takriban 0.6.

Vipimo vyote viwili ni vya kweli, lakini sokoni nafasi ndiyo inayolipa. Mzee aliyesoma hadi darasa la nne enzi za mkoloni aliweza kuwa karani au katibu wa chama cha ushirika, kwa kuwa wenzake waliosoma walikuwa wachache. Leo kijana wa kidato cha nne anashindana na maelfu wenye cheti kama chake. Miaka ya shule imeongezeka, bei yake imeshuka.

Gunia na kilichomo ndani

Tanzania imefanya kazi kubwa ya kuinua watu wa chini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka lengo la elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na watoto wengi wa wazazi wasiosoma wakafika darasa la saba. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Mpango wa elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulieneza shule za kata, na mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne.

Hata hivyo, katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Kwa hesabu ya miaka, kila mmoja wao aliyezaliwa na mzazi wa darasa la saba alikuwa amempita mzazi wake kwa miaka minne. Magunia yaliongezeka, uzito wa kilichomo ni habari nyingine.

Walioachwa nje ya hesabu

Kuna kasoro nyingine. Sensa na tafiti nyingi huandika watu wanaolala katika kaya moja. Binti aliyeolewa, au kijana aliyehamia Mwanza au Dar es Salaam, huandikwa kwingine bila kuunganishwa na wazazi wake. Kupima maendeleo ya watoto kwa waliobaki nyumbani tu ni sawa na kukadiria mavuno ya shamba zima kwa mahindi yaliyosalia ghalani baada ya mengine kuuzwa.

Ili kupunguza kasoro hiyo, Alberto Alesina na wenzake, katika utafiti wa nchi 27 za Afrika uliochapishwa mwaka 2021, waliwaangalia vijana wa miaka 14 hadi 18, ambao wengi bado huishi na wakubwa wao. Swali lao lilikuwa rahisi: kati ya watoto wa wazazi ambao hawakumaliza shule ya msingi, ni wangapi wanaimaliza? Afrika Kusini na Botswana ni zaidi ya asilimia 70. Msumbiji, Malawi na Ethiopia ni chini ya asilimia 20. Tofauti zilionekana pia ndani ya nchi moja, na maeneo yaliyokuwa karibu na reli na misheni za kikoloni yalikuwa na nafuu.

Kinachotakiwa

Wapo wanaosema kupima ni anasa, tujenge kwanza madarasa na tuajiri walimu. Hoja hiyo ina uzito, lakini fedha zikiwa chache ndipo kipimo kinapohitajika zaidi. Bila kipimo, kata zilizotangulia zitaendelea kutangulia.

Kila utafiti wa kaya ungepaswa kumuuliza kila mtu mzima maswali mawili: baba yako alifika darasa gani, na mama yako je? Waulizwe hata ambao wazazi wao wamefariki au wanaishi mbali. Gharama yake ni ndogo, kwani karani tayari yuko mlangoni. Majibu yatolewe kwa kila wilaya, wavulana na wasichana mbalimbali, yakiwekwa pamoja na matokeo ya mitihani.

Wakulima nao wasisubiri. Chama cha msingi kinapokata shilingi kwa kila kilo kwa ajili ya elimu, wanachama wasiridhike kuonyeshwa jengo jipya. Waulize ni watoto wangapi wa wazazi wasiomaliza darasa la saba wamefaulu mwaka huo, na kama idadi hiyo inaongezeka au inapungua. Shilingi zilizokatwa ni zao, na wana haki ya kuona mizani.